LALA SALAMA YA WATANI WA JADI

Na mwanafunzi wa zamani, 1994–1997

Ndugu zangu tuliosoma pamoja,

Mhariri wa jarida letu ameniomba niandike habari yoyote ya historia inayohusu mahali ilipo shule yetu. Habari za walimu wakuu, za majengo na za mashamba ya shule zimekwisha kuandikwa na waliotutangulia, tena kwa ufundi unaozidi wangu. Kwa hiyo nimeonelea niandike juu ya jirani yetu mkubwa, yule aliyekuwa akitunyima usingizi wa mchana siku za Jumamosi, yaani Uwanja wa Taifa. Na kwa kuwa uwanja huo una habari nyingi, nitashika moja tu: michezo ya Simba na Yanga, hasa ile inayoangukia mwishoni mwa msimu, wakati ambao wapenzi wa kabumbu huuita lala salama.

Sababu ya kuchagua mwisho, na si mwanzo wala katikati, kila aliyesoma Chang'ombe miaka ile anaifahamu. Sisi hatukuwa na fedha za kiingilio. Tulikuwa tukikaa nje ya ukuta, tukisikiliza. Baada ya muda mtu alijifunza kuzitambua kelele: kuna kelele ya bao, kuna kelele ya bao lililokataliwa, na kuna ukimya wa namna fulani ambao ni mbaya kuliko kelele zote. Kisha, zikiwa zimebaki dakika chache mchezo kumalizika, mabawabu walifungua mageti, na wote tuliokuwa nje tukaingia bure kwa kusukumana. Desturi hiyo iliitwa fungulia mbwa. Jina si zuri, lakini tuliingia. Hivyo katika miaka yangu minne ya shule niliona michezo mingi ya watani, na sikuona mwanzo wa hata mmoja. Sisi wa Chang'ombe ni mashahidi wa miisho.

UWANJA NA WENYEWE

Ni vizuri kwanza kukumbushana tunazungumza juu ya mahali gani. Katika uwanja ule wa zamani, usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba, 1961, ndipo bendera ya Mwingereza iliposhushwa na ya Tanganyika huru ikapandishwa. Ni uwanja uliozaliwa na Uhuru, na siku hizi unaitwa Uwanja wa Uhuru. Ule mkubwa ulio kando yake, wenye kuchukua watu 60,000, ulijengwa kwa msaada wa Wachina na kuanza kutumika mwaka 2007. Rais Benjamin Mkapa, ambaye ujenzi ulianza katika utawala wake, alipofariki mwezi Julai 2020 uwanja huo ukapewa jina lake. Hata chuo cha ualimu tulichokuwa tukikipita tukienda uwanjani sasa ni chuo kikuu kishiriki cha elimu, tangu mwaka 2005. Mtu aliyeondoka Chang'ombe mwaka 1997 asirudi hadi leo atahitaji kuonyeshwa njia.

Wenye michezo, hata hivyo, si watu wa Chang'ombe. Yanga na Simba wote ni watoto wa Kariakoo. Young Africans ilianzishwa mwaka 1935. Mwaka uliofuata, 1936, ikaanzishwa klabu nyingine iliyoitwa Queens, baadaye ikaitwa Eagles, kisha Sunderland, jina la timu ya Uingereza, hata mwaka 1971 ilipoitwa Simba. Makao ya mmoja yapo Mtaa wa Msimbazi. Makao ya mwingine yapo Jangwani. Mtu aweza kutoka kwa huyu kwenda kwa yule kwa miguu bila kutoa jasho. Lakini siku ya kukutana wote wawili hufunga safari kupitia Keko au Barabara ya Kilwa na kuja kumalizia ugomvi wao kwetu. Wanazaliwa Kariakoo, wanalia na kucheka Chang'ombe.

Watu huwaita watani wa jadi. Neno hilo tumelizoea mno kiasi cha kutolisikia tena. Utani ni jambo kubwa katika jamii zetu. Mimi ni Mzaramo. Mwenzangu wa dawati moja tangu kidato cha kwanza, ambaye jina lake nalihifadhi kwani mwenyewe atajijua, ni Mnyamwezi wa Tabora. Wazee wetu walikutana katika njia za misafara iliyoshuka kutoka Unyamwezi hadi Pwani, na katika kukutana huko wakawekeana utani unaoendelea mpaka leo. Mtani anaweza kukutukana ukacheka. Anaweza kuja kwenye msiba wako, akazuia jeneza lisitoke hadi alipwe, na waliofiwa wakatabasamu katikati ya machozi. Lakini mtani huyo huyo hutazamiwa awe mstari wa mbele katika kazi za msiba. Anayekucheka ndiye anayekuzika. Bila nusu hiyo ya pili, utani unabaki kuwa matusi tu.

Mwenzangu huyo ni Yanga na mimi ni Simba, kwa hiyo sisi ni watani mara mbili. Nimeyaandika haya ili msomaji ajue mapema kwamba mwandishi ana upande. Nitajitahidi kuwa mkweli.

MADENI YA ZAMANI

Ligi ya taifa ilianza mwaka 1965, na Sunderland wakautwaa ubingwa wa kwanza. Baada ya hapo Yanga wakaja juu. Tarehe 1 Juni, 1968 waliwafunga Sunderland mabao 5 kwa 0, na kwa muda mrefu wazee wa Jangwani hawakuhitaji maneno: walinyanyua mkono mmoja wenye vidole vitano, basi.

Mwaka 1974 ulileta mchezo ambao kwa maoni yangu ndio mama wa lala salama zote. Ubingwa wa Taifa uliamuliwa tarehe 10 Agosti katika Uwanja wa Nyamagana, Mwanza, mbali na Kariakoo na mbali na Chang'ombe. Simba walipata bao la mapema lililofungwa na Adam Sabu, wakalilinda muda wote. Zikiwa zimesalia dakika chache tu, Gibson Sembuli akasawazisha. Wakaingia katika muda wa nyongeza, na Sunday Manara, yule waliyemwita Kompyuta, akafunga la pili. Yanga 2, Simba 1. Nimewahi kumsikia mzee mmoja wa Temeke akisimulia mchezo huo kama mtu anayesimulia ajali ya meli, na alikuwa hajafika Mwanza siku ile, aliusikia redioni. Alisema kuwa majirani zake walianza kupika pilau ya sherehe mchezo ukiwa haujaisha, na kwamba pilau hiyo hatimaye ililiwa na watani. Sina uhakika kama ni kweli, lakini ndivyo utani unavyotakiwa kufanya kazi.

Miaka miwili baadaye mtafaruku mkubwa uliipasua Yanga. Wachezaji wengi mahiri wakatoka, na hapo ndipo ilipozaliwa Pan African mwaka 1976. Yanga iliyobaki ilikuwa ya vijana. Tarehe 19 Julai, 1977, hapa hapa Uwanja wa Taifa, Simba wakawapiga mabao 6 kwa 0. Abdallah Kibadeni alifunga matatu, Jumanne Hassan aliyeitwa Masimenti akafunga mawili, na moja Yanga walijifunga wenyewe. Sisi wa Simba hatupendi kukumbushwa habari ya mpasuko ule, kwani unapunguza utamu wa namba. Lakini mwanahistoria hana ruhusa ya kuficha: tulimpiga mtani wakati nyumba yake imeungua. Hata hivyo deni la sita halijalipwa mpaka leo.

Hali hii si ya kwetu peke yetu. Cairo wana Al Ahly na Zamalek, Glasgow wana Celtic na Rangers. Hata Marekani, katika mchezo wao wa besiboli ambao siku hizi vijana wa baadhi ya shule zetu nao wanaucheza, wapo watani wa jadi wa Boston na New York. Mwaka 1978 timu hizo mbili, Red Sox na Yankees, zilimaliza michezo 162 zikiwa sawasawa, ikabidi kuongezwa mchezo mmoja tarehe 2 Oktoba ili apatikane wa kusonga mbele. Red Sox waliongoza kwa 2 kwa 0 nyumbani kwao. Kisha Bucky Dent, mchezaji ambaye hakuwa akisifika kwa kupiga mipira ya mbali, akaupiga mpira ukavuka ukuta, na New York wakashinda 5 kwa 4. Wanasema wazee wa Boston bado hawalitaji jina lake bila kuliongezea neno lisilofaa kuandikwa katika jarida la shule. Nikisoma habari hiyo namkumbuka Sembuli. Watani wote duniani ni wamoja: bao linalouma ni lile linaloingia wakati umeshaanza kupika pilau.

Mimi binafsi nilibatizwa tarehe 2 Julai, 1994, siku ya Jumamosi, nikiwa kidato cha kwanza. Simba walishinda 4 kwa 1. Tulipoingia kwa fungulia mbwa mambo ya Yanga yalikuwa yameharibika kabisa, na wengi wa upande wao walikuwa wakitoka kwa lango lile lile tuliloingilia sisi, bendera zimekunjwa kwapani. Mwenzangu wa dawati hakugeuka nyuma kutoka nao. Alisimama pale hadi filimbi ya mwisho. Nilipomuuliza kwa nini, alisema, "Nimengoja dakika themanini nje. Siwezi kuondoka sasa hivi." Alikuwa na miaka 14. Neno hilo sijalisahau.

MKONO WA 2012

Sasa nafika kwenye mchezo uliosababisha niandike makala hii.

Tarehe 6 Mei, 2012 ilikuwa Jumapili, siku ya mwisho ya msimu wa 2011/2012. Kwa hesabu, mchezo haukuwa na maana yoyote. Ubingwa ulikuwa umekwisha kwenda Msimbazi. Azam walikuwa wa pili, Yanga wa tatu. Mgeni angeweza kuuliza watu wanajaza uwanja wa nini. Lakini mchezo usioamua kombe ndio huwa mbaya zaidi, kwani unapoteza kisingizio cha kombe. Kinachobaki ni mimi na wewe.

Emmanuel Okwi, kijana wa Uganda, alifunga mapema kabisa, na baadaye akaongeza jingine. Mabao matatu mengine yalikuwa ya mikwaju ya penalti. Moja lilifungwa na Patrick Mafisango, moja na Felix Sunzu wa Zambia, na moja na Juma Kaseja. Kaseja alikuwa mlinda mlango. Alitoka golini kwake, akauvuka uwanja mzima kwa mwendo wa kawaida mbele ya watu elfu kadhaa, akapiga, akafunga, akarudi golini kwake. Simba 5, Yanga 0. Deni la mwaka 1968 lilikuwa limelipwa, baada ya miaka 44.

Wakati huo nilikuwa bado mtumishi hapa Dar es Salaam, na mwenzangu alikuwa mkuu wa kitengo katika ofisi nyingine ya umma, si mbali na yetu. Jumatatu asubuhi sikungoja. Nilikwenda ofisini kwake. Alikuwa na kikao kidogo na vijana wake wanne au watano. Nilifungua mlango bila kubisha hodi, nikanyoosha mkono juu, vidole vitano vimetanuka, nikasimama hivyo bila kusema neno. Vijana walicheka. Kisha, kwa kuwa kicheko kile kilinitia wazimu, nikasema kuwa timu inayofungwa na kipa ivunjwe wanachama wagawane viti.

Yeye hakucheka. Alisema, "Karibu, ndugu. Tuna kikao." Hakuniita mtani, aliniita ndugu, kama mtu anavyomwita mgeni aliyekosea ofisi.

Nilirudi nikijiambia kuwa ana hasira za kufungwa, zitapita. Hazikupita. Nilimpigia simu Jumanne, hakupokea. Alhamisi nilimpelekea salamu kwa mtu, haikujibiwa. Tulikuwa tumefahamiana miaka 18. Alinisindikiza nilipooa, nami nilisimama naye Tabora alipomzika baba yake. Wiki ikapita. Nilianza kuelewa nilichokosea. Utani wa makabila una sheria, hata kama haijaandikwa: mtani hukuchekea mbele ya watu wako wa rika, au mbele ya wakwe ambao nao ni watani, mahali ambapo unaweza kumrudishia. Mimi nilimchekea mbele ya vijana aliopaswa kuwaongoza, mahali ambapo hakuwa na jibu. Huo haukuwa utani. Nilitumia timu kumpiga mtu.

Jangwani nako mambo yalichafuka. Wanachama waliushambulia uongozi, na kabla mwezi haujaisha mwenyekiti akajiuzulu.

Alfajiri ya Alhamisi, tarehe 17 Mei, siku kumi na moja baada ya mchezo ule, Patrick Mafisango alifariki dunia kwa ajali ya gari hapa hapa Chang'ombe, eneo la VETA. Alikuwa mzaliwa wa Kinshasa, aliyeichezea timu ya taifa ya Rwanda, aliyefika kwetu kupitia Azam na kupendwa Msimbazi kwa ile kazi yake ya katikati ya uwanja. Alizaliwa mwaka 1980, mwaka niliozaliwa mimi. Barabara ile sisi sote tumeipita tukiwa na kaptula, tukirudi shuleni na kubishana ni nani aliyecheza vizuri.

Simu yangu ililia kabla ya saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Nilikuwa bado sijasikia habari. Ilikuwa sauti yake. Alisema, "Mtani, pole. Mmefiwa." Kisha akanieleza.

Tulikwenda pamoja kumuaga marehemu, katika viwanja vya TCC, Chang'ombe, kabla mwili haujasafirishwa kwenda Kinshasa. Watu walikuwa wengi mno, na jua kali. Nilitaka kumwomba radhi njiani, nikashindwa kuanza. Tukiwa katika mstari alitoka, akarudi na chupa mbili za maji, akanipa moja. Nikasema, "Ile siku ofisini kwako nilikosea." Akajibu, "Ulikosea." Hakusema si kitu. Akanywa maji yake, akaongeza, "Na ile penalti yake mpaka leo inaniuma. Alimpeleka kipa wetu huku, mpira kule. Mtu kama yule hafi hivi hivi." Hapo ndipo nilipolia, mbele ya watu, na yeye akasimama upande wa jua ili nipate kivuli.

Nimesoma vitabu kadhaa vya historia nilipokuwa Chuo Kikuu. Kuhusu neno watani, lakini, sijapata somo linalozidi lile la siku ile.

SAA TANO

Haki ni kusema pia jinsi alivyonilipa. Tarehe 5 Novemba, 2023 Yanga walitufunga 5 kwa 1. Wakati huo mimi nilikuwa Dodoma, kwani Serikali ilipohamia huko nami nilihamishwa mwaka 2018. Usiku ule nilizima taa mapema. Simu ikalia. Nilijua ni nani, nikapokea.

Akauliza kwa upole, "Samahani mtani, saa yangu imesimama. Saa ngapi huko Dodoma?"

Nikaangalia ukutani. "Saa tano."

"Nashukuru," akasema, akakata simu.

Hapakuwa na mtu mwingine wa kusikia. Alikuwa amengoja miaka kumi na moja na nusu, akalipa kwa neno moja, tena akanifanya nilitamke mimi mwenyewe. Nililala nikicheka.

MCHEZO USIOCHEZWA, NA ULIOCHEZWA

Namalizia na msimu wa 2024/2025, kwa sababu una funzo kwa vijana wanaotufuata.

Watani walipangiwa kukutana Jumamosi, tarehe 8 Machi, 2025. Ilikuwa Ramadhani. Nilishuka na treni ya umeme Ijumaa, nikalala kwa dada yangu Temeke, tiketi nimeiweka ndani ya kitabu ili isikunjike. Jumamosi habari zikaenea kuwa Simba wamesema hawatacheza, wakieleza kwamba jioni ya jana yake walizuiwa kufanya mazoezi uwanjani. Kabla siku haijaisha mchezo ukaahirishwa. Sitaki kumhukumu mtu. Yaliyofuata yalikuwa mabishano ya miezi zaidi ya mitatu, barua kwa barua, hadi Yanga wakalifikisha suala hilo kwenye mahakama ya michezo ya kimataifa.

Ninachoweza kueleza ni jioni ile. Nilikwenda kufuturu kwa mwenzangu. Kulikuwa na uji, tende na mihogo ya nazi. Tulikaa kama watu waliorudi makaburini wakakuta maziko yameahirishwa. Hakuna aliyeshinda, hivyo hakuna wa kuchekwa. Hakuna aliyeshindwa, hivyo hakuna wa kupewa pole. Tulianza kuzungumza habari za kanuni, kifungu hiki na kifungu kile, na kwa mara ya kwanza tangu tufahamiane tulibishana kwa hasira ya kweli juu ya mpira, kila mmoja akiitetea klabu yake kama wakili. Mkewe alitoka jikoni akatuuliza, "Nyie leo mna nini?" Hatukuwa na jibu. Sasa nadhani ninalo: kipigo cha tano au cha sita mtu anaweza kuishi nacho, ila mchezo ambao haukuchezwa hauna mwisho, na utani bila mwisho unageuka kuwa kesi.

Mchezo ulifanyika hatimaye Jumatano, tarehe 25 Juni, 2025, ukiwa wa mwisho wa msimu. Majaliwa yaliupa uzito wa Nyamagana: Yanga walikuwa na pointi 79, Simba 78. Sisi tulihitaji kushinda. Wao hata sare iliwatosha. Kipindi cha kwanza kilikwisha bila bao. Katika cha pili Pacôme Zouzoua akafunga kwa penalti, na kuelekea mwisho Clement Mzize akaongeza la pili. Yanga wakawa mabingwa kwa mara ya 31, na kwa msimu wa nne mfululizo.

Niliutazama katika televisheni, Dodoma, pamoja na watumishi wenzangu. Bao la pili lilipoingia baadhi ya wenzetu wa Simba walisimama wakaanza kutoka. Mimi nilibaki kitini. Kijana mmoja wa ofisini aliniuliza, "Mzee, unangoja nini tena?" Nikajikuta nikimjibu maneno ya mvulana wa miaka 14: kwamba nimengoja nje muda mrefu, siwezi kuondoka sasa hivi.

Mwenzangu alikuwa uwanjani, kwenye kiti cha kulipia, kuanzia dakika ya kwanza. Hakunipigia simu usiku ule. Alipiga kesho yake, saa za kazi zilipokwisha, akauliza kwanza hali ya mama yangu ambaye alikuwa amelazwa wiki hiyo. Tuliongea habari za mama dakika nyingi. Nilipodhani amesahau, akasema, "Haya mtani, mama akipata nafuu utaniletea kreti yangu."

Mama amepata nafuu, namshukuru Mungu. Kreti moja ya soda, chupa 24, nitaileta siku ya mkutano wetu wa mwaka huu, na nitaibeba mwenyewe kutoka getini mbele ya wote, maana pale tutakuwa watu wa rika moja na sheria inaruhusu. Anayetaka kunicheka aje mapema. Wazee walisema asiyekubali kushindwa si mshindani. Nami naongeza kwa vijana wa shule yetu wanaosikia kelele zile zile kutoka ng'ambo ya ukuta: chezeni hadi filimbi ya mwisho, mkishindwa msitoke kabla ya wenzenu, na mkishinda bisheni hodi kabla ya kunyoosha mkono.

Tukutane salama.